Jinsi ya kuchimbua historia ya jahazi kuukuu ambalo bado lipo kazini

Ulizia umri wa jahazi kuukuu Lamu au Mkokotoni, utapewa majibu matatu, na huenda yote yakawa kweli. Cheti kitasema chombo kiliandikishwa mwaka fulani. Mwenye chombo atasema babake alikinunua zamani kabla ya mwaka huo. Fundi ataugonga mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo chote, kwa kisogo cha tezo, kifaa chake cha kuchongea, asikilize, kisha aseme mti huu ni mkubwa kuliko cheti na kuliko mwenye cheti.

Hakuna anayedanganya. Jahazi huundwa siku ya kwanza, kisha huundwa tena kidogo kidogo kila linapopandishwa pwani: ubao mmoja msimu huu, mataruma mawili (mbavu za chombo) msimu ujao, sitaha nzima baada ya hapo. Ndiyo maana kutafuta mwaka mmoja wa kuzaliwa ni kujichosha. Kinachotafutwa ni kila sehemu kubwa iliingia lini, ukianzia mkuku, kwa sababu mkuku ndio kitu ambacho mafundi wengi hawakubali kukibadilisha. Ukibadilishwa mkuku, hicho ni chombo kingine hata kama jina limebaki lile lile.

Maelezo haya yanahusu majahazi na mashua za kupigiliwa misumari, kuanzia Kisingitini na Matondoni hadi Nungwi, Mafia na Kilwa. Kwa bumu na sambuki zilizotoka Arabuni njia ya kusoma mbao ni ile ile, ila karatasi zake itabidi uzitafute Oman, Kuwait au Yemen. Akitokea mtu akakuambia chombo chake kinachosafiri leo ni mtepe wa asili, mshukuru na uendelee na safari yako. Mitepe ilishonwa kwa kamba za usumba na ilikwisha baharini mwanzoni mwa karne ya 20.

Siku ya kwenda pwani

Usiende chombo kikiwa kinaelea. Nenda kimepandishwa kwa kalafati na deheni, yaani kuzibwa mianya ya mbao na kupakwa shahamu na chokaa, na ukiweza, nenda siku ambayo fundi ametoa ubao au mbao mbili, kwani hapo ndipo mataruma huonekana uso mzima. Kwa Lamu, miezi ya kusi kali, Mei hadi Julai, vyombo vingi huwa vimefunga bahari, na huo ndio wakati mzuri. Kama chombo kimepwezwa tu mchangani, chagua siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji hupwa sana na utapata kama saa nne za kazi, mbili kabla ya maji kukauka kabisa na mbili baada yake. Kwenye maji mafu mkuku utabaki ndani ya tope, na bila mkuku safari hiyo haina faida.

Chukua utepe wa kupimia wa mita 30 na mwingine wa mita 5, uzi wa waashi mita 20, timazi, tochi ya kichwani, nyundo nyepesi, msumari wa inchi 4 uliotiwa mpini, burashi ngumu, chaki, na msasa wa namba 120, 240 na 400. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu na maji ya ngama, yale ya tumboni mwa chombo, havipatani.

Kabla ya kupima chochote, yape mataruma namba kwa chaki, kutoka tezi (nyuma) kwenda omo (mbele): 1, 2, 3, kulia na kushoto ukiwa umeelekea omo. Usiandike "upande wa joshi" au "upande wa demani" kama mabaharia wanavyosema. Joshi na demani hufuata upepo, na tanga likigeuzwa vimebadilishana. Daftari lililoandikwa hivyo halimsaidii mtu mwaka ujao.

Umbo kwanza

Simama ubavuni, mbali kiasi cha kuona chombo chote, upige picha moja ya upande, kisha ya omo na ya tezi. Angalia hanamu, ule mti wa omo unaopasua maji. Jahazi la Lamu kwa kawaida hanamu yake imesimama karibu wima. La Unguja imelala kwenda mbele. Katika omo za Lamu utakuta pia macho, vibao viwili vya duara vilivyopigiliwa kila upande, mara nyingi vina mwezi na nyota. Chombo chenye hanamu ya Kilamu kinachofanya kazi Unguja kimekwisha kukupa sura ya kwanza ya historia yake: kiliundwa kaskazini kikauzwa kusini. Lakini macho peke yake si ushahidi. Huong'olewa na kupigiliwa kwingine kama kitasa cha mlango.

Pima urefu wote, upana pale penye upana mkubwa kabisa, kina kutoka sitaha hadi juu ya mkuku, na urefu wa mkuku wenyewe. Mafundi wa zamani walipima kwa dhiraa, kama sentimita 45.7, na kwa shubiri, nusu yake. Gawa urefu wa mkuku kwa dhiraa. Ukipata namba kamili, kwa mfano mita 10.97 ambazo ni dhiraa 24, una dalili kwamba mkuku haujakatwa wala kuungwa. Isiwe zaidi ya dalili, kwa sababu dhiraa 24 ni futi 36 pia, na futi zimetumika pwani hii muda mrefu.

Halafu funga uzi kutoka ncha ya mkuku hadi ncha, uukaze, upime nafasi kati ya uzi na mti kila baada ya mita moja. Chombo kilichokaa miaka mingi huwa kimejipinda, katikati imenyanyuka na ncha mbili zimelala, kwa sababu omo na tezi hazibebwi na maji sawasawa na tumbo. Mkuku ulionyooka kabisa chini ya mbao zilizochoka unataka maswali: ama ni mpya, ama chombo kimetunzwa vizuri kuliko kawaida. Yaandike yote mawili mpaka upate la kuamua.

Mkuku na jamaa zake

Watu wengi hukosea hapa. Chini ya mkuku mara nyingi hupigiliwa ubao wa kukinga, ili mchanga na mawe yale ubao huo badala ya mti wenyewe. Ubao huo hubadilishwa kila unapolika, na wadudu watoboao mbao huishia humo. Ukikata kijipande hapo ukasema umepima mkuku, umepima ubao wa juzi. Mkuku halisi ni ule ulioingiwa na ubao wa kwanza wa tumbo. Fuata mfereji ambamo ubao huo umekaa.

Pitisha nyundo kila kiganja kimoja. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, fupi. Uliotafunwa hujibu kwa sauti nzito, iliyofumba. Mdudu huyu wa baharini, ambaye kwa kweli ni jamii ya chaza, huingia akiwa mdogo kiasi kwamba tundu lake la nje ni kama kichwa cha pini, kisha ndani hupanua njia yake hadi unene wa penseli na zaidi, akiipaka chokaa nyeupe. Kwa hiyo uso wa mti unaweza kuwa safi kabisa na ndani mna mabomba matupu. Njia zilizojaa rangi au deheni ngumu ni za zamani. Zenye chokaa safi na unyevu ni za karibuni, na mwenye chombo anahitaji kuambiwa leo hii, kabla hujaendelea na historia yako. Dawa ya pwani ni ile ile ya mababu: kukichoma chombo chini kwa moto wa makuti, kukwangua, kisha kupaka deheni ya shahamu na chokaa.

Tambua mti. Mbambakofi, mvule, mninga na msaji ndiyo utakayokutana nayo sana kwenye mkuku na mbao. Mataruma hupatikana katika matawi yaliyojipinda yenyewe, kama ya mkomafi, mtondoo au mwarobaini, kwa sababu taruma lililopinda kwa asili halikatiki kama lililochongwa kukata nyuzi za mti. Msaji uwekee alama ya kuuliza. Mbao zake zililetwa kutoka Malabar, na zilithaminiwa mno hata zikatolewa katika vyombo vilivyovunjwa na kutiwa katika vipya. Ubao wa msaji unaweza kuwa mkongwe kuliko chombo kilichoubeba.

Baada ya mkuku, sehemu zinazodumu ni msitamu, ule mti mzito uliolala juu ya mkuku na kubeba kisigino cha mlingoti. Sehemu ya chini ya fashini, mti wa nyuma unaoshika usukani. Na mataruma ya katikati, chini ya usawa wa ngama. Hizi hukaa kwenye maji ya chumvi, na chumvi huhifadhi mti. Kinachouoza ni maji ya mvua. Ndiyo maana sitaha, ncha za mihimili yake na mbao za juu za tezi huwa changa hata katika chombo kizee. Mlingoti, foromali (mti wa kutundikia tanga) na tanga usipoteze muda navyo: huvunjika, huazimwa, huuzwa.

Matundu ya misumari

Hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa, na ndiyo inayorukwa.

Kila ubao unapopigiliwa, misumari yake huacha matundu kwenye uso wa nje wa taruma. Ubao ukitolewa na mwingine kutiwa, fundi hapigilii tundu lile lile, kwa kuwa halina tena nguvu ya kushika. Huliziba kwa kijiti au hasho, halafu hutoboa jipya pembeni. Taruma basi linabaki na hesabu ya mbao zote lililowahi kuzibeba.

Tuseme ubao mmoja wa ubavu wa kulia umetolewa, nawe unatazama mataruma 13, 14 na 15. Yasugue kwa burashi kavu, umulike tochi kutoka pembeni, si moja kwa moja, ili kila shimo litupe kivuli. Kwenye 14 unaona matundu mawili mapya, wazi, yenye kutu nyekundu: hayo ni ya ubao uliotolewa leo. Nusu kiganja juu yake kuna mawili yaliyozibwa kwa vijiti, na mti ulioyazunguka umekuwa mweusi. Weusi huo hutokea pale chuma kinapokutana na utomvu mkali wa mti, nao hauji kwa siku moja. Chini kidogo kuna mawili mengine, vijiti vyake vimesinyaa na kuingia ndani, na ukivigusa kwa msumari vinasagika. Jozi tatu, mbao tatu. Taruma 13 nalo lina jozi tatu, zimepangana sawa na za 14. Lakini 15 lina jozi moja tu, mti wake bado una rangi, na makovu ya tezo yana kingo kali. Umekwisha kupata mpangilio: 13 na 14 zilikuwepo kabla ya ubao wa kwanza kati ya hizo tatu, 15 limeingia pamoja na ubao uliotolewa leo.

Tahadhari zake ni hizi. Tundu moja la peke yake usilihesabu, fundi naye hukosea akatoboa pasipo. Hesabu jozi zinazojirudia angalau katika mataruma matatu yaliyofuatana kwenye mstari ule ule wa ubao. Taruma lenye matundu mengi ambayo hayalingani na ya jirani zake limetolewa katika chombo kingine. Liandike hivyo, maana hata hiyo ni historia. Na usizidishe. Kusema "ubao hukaa miaka 15, jozi tatu, basi miaka 45" ni kubahatisha. Ubao wa mbambakofi unaochomwa na kupakwa kila msimu haufi pamoja na ubao wa mti laini unaosahauliwa majini. Muulize fundi wa chombo hicho hicho: ubao wa mahali hapa mliubadilisha lini mara ya mwisho, na uliotangulia ulitiwa na nani? Jozi za matundu zinakupa idadi na mpangilio. Miaka utaipata kwa watu na karatasi.

Ukiwa hapo hapo, angalia misumari. Iliyofuliwa na mhunzi ina shina la pembe nne na kichwa kisicho duara kamili, na mara nyingi chini ya kichwa utakuta mabaki ya pamba iliyotiwa mafuta, waliyoizungusha ili maji yasipite. Misumari ya dukani iliyopakwa zinki ina kichwa cha kufanana. Msumari wa mhunzi hauthibitishi uzee, kwa kuwa wapo wanaoufua hata leo. Ila ubao wote wenye misumari ya mhunzi kando ya ubao wote wenye misumari ya dukani unakuonyesha kazi mbili za nyakati mbili.

Makovu ya kifaa na rangi

Pasipopakwa rangi, ndani ya ngama na nyuma ya mihimili, mbao huonyesha zilivyopasuliwa. Msumeno wa mkono wa watu wawili huacha mistari iliyonyooka lakini isiyo na nafasi sawa, imeinama kidogo. Msumeno wa duara wa mashine huacha mistari iliyopinda kama sehemu ya gurudumu. Msumeno wa mnyororo huacha matuta mapana, yenye fujo. Mataruma yenye mawimbi mafupi ya tezo ni ya kawaida wakati wote, kwa hiyo tezo haikupi tarehe.

Rangi isome mahali palipojificha, kwa mfano chini ya ukingo wa tezi. Piga msasa wa 120 sehemu ndogo kama sarafu katikati, kisha 240 kuizunguka, kisha 400 ukiwa umelowesha, hadi upate duara zenye tabaka zote zikionekana kama ngazi. Lowesha kila mara na ufunge pua na mdomo: rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Hesabu tabaka, piga picha ukiwa umeweka rula. Linganisha ubao na ubao. Ubao wenye tabaka tisa katikati ya wenzake wenye nne ndio mkongwe wa ubavu huo. Kama zote zina mbili tu, usishangilie upya wake, labda walikwangua hadi mti.

Maabara zinaweza kupima kaboni ya mti. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni hiyo hewani, hivyo mti uliokua baada ya katikati ya miaka ya 1950 unaweza kupewa tarehe ya karibu sana. Uliokua kati ya karne ya 17 na wakati huo hurudi na majibu yanayotanda miongo mingi. Gharama ni mamia ya dola kwa kijipande, na unachopata ni umri wa mti, si siku uliyopigiliwa. Kwa chombo cha kazi, fedha hizo heri ziende kwenye kalafati.

Karatasi

Anza na zilizomo ndani ya chombo: cheti cha usajili, leseni, cheti cha ukaguzi, risiti za bandari, hati ya mauziano. Upande wa Tanzania Bara kazi hii iko kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililochukua nafasi ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, kwa upande wa majini mwaka 2018; Zanzibar iko kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya 2009; Kenya iko kwa Kenya Maritime Authority, tangu 2004. Kubadilika huku kwa mamlaka ndiyo mtego wenyewe. Chombo cha zamani kilipoandikishwa upya katika daftari jipya, mwaka unaosomeka kwenye cheti unaweza kuwa wa kuandikishwa, si wa kuundwa. Penye "mwaka wa kuundwa" pamejazwa namba ya mviringo kama 1980 au 1990, jua kuna aliyekadiria.

Kwa ya nyuma zaidi, nenda Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu Zanzibar iliyoko Kilimani, nyaraka za taifa Dar es Salaam na Nairobi, na makumbusho za Lamu na Fort Jesus. Omba majalada ya bandari na forodha kabla ya mengine. Faida moja ya zama hizo ni kwamba Mkataba wa Brussels wa 1890, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa baharini, ulitaka vyombo vya wenyeji viandikishwe, jina na uzito vichongwe tezi kwa herufi za Kilatini, na herufi za bandari pamoja na namba vichapwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga. Kwa hiyo ukikuta picha ya zamani yenye herufi tangani, ikuze uisome. Inaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye mstari wa daftari.

Jina litakusumbua. Makarani waliandika walivyosikia: Fathelkheri, Fatel Kher, Fatul Heri. Tafuta kwa kila namna, hata kwa herufi isiyotarajiwa. Halafu majina ya baraka yalipendwa na wengi, na bandari moja inaweza kuwa na vyombo vitatu vya jina moja kwa wakati mmoja. Jina peke yake si kitu. Kubali mstari wa daftari pale tu ambapo jina limeungana na mambo mawili zaidi: bandari, uzito, mwenye chombo au nahodha. Uzito nao hubadilika chombo kikiongezwa ubao juu au kikitiwa sitaha, kwa hiyo tofauti ya uzito haitoshi kukikataa chombo.

Tarehe iliyochongwa kwa Kiarabu mara nyingi ni ya Hijria. Igeuze hivi: gawa mwaka kwa 33, toa jawabu katika mwaka wenyewe, jumlisha 622. Kwa 1372 ni 1372 toa 41.6 jumlisha 622, yaani 1952, na kweli mwaka huo wa Hijria ulianza Septemba 1952. Mchongo uliolika hufananisha ٢ na ٣. Paka unga mkavu wa chaki juu yake, ufute taratibu, chaki itabaki ndani ya mchongo.

Kwa picha, zile za Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, za safari ya 1938 na 1939 katika bumu la Kikuwaiti zimehifadhiwa National Maritime Museum, Greenwich, na zinafaa sana kwa kulinganisha maumbo ya vyombo vya wakati huo. Kutambua chombo kimoja kwa jina ndani yake ni bahati.

Chombo chenye mashine soma bati la mashine na namba yake, na uangalie fashini ilivyotobolewa kupitisha shafti. Kazi ya mbao iliyofanywa kuzunguka tundu hilo haiwezi kuwa ya kabla ya mashine ya kwanza. Ila bati uliloliona huenda ni la mashine ya pili au ya tatu, kwa hiyo uliza.

Wazee

Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na wazee wengi kwenye mkeka mmoja ni vivyo hivyo: wa kwanza akisema 1955, waliobaki watakubali kwa adabu. Zungumza na kila mmoja peke yake, mwenye chombo wa mwisho. Tafuta nahodha wa zamani, serahangi (msimamizi wa mabaharia), fundi au mtoto wa fundi, mshona matanga, na yule aliyekuwa mpishi wa chombo, ambaye wakati huo alikuwa kijana mdogo na leo ndiye aliye hai. Mwamkie, keti, mwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi.

Usiulize "kiliundwa mwaka gani?" Uliza "mzee, kiliposhuliwa ulikuwa umeshaoa?", "nani aliyesoma dua siku hiyo, na alichinjwa nini?", "kilikuwa kikipakia korija ngapi za boriti?" Korija ni boriti 20, yaani nguzo za mikoko, na jibu la swali hilo la mwisho hukupa ukubwa wa chombo bila mzee kuhisi anahojiwa. Kisha funga kumbukumbu kwenye mambo ambayo tarehe zake zinajulikana: Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, Uhuru wa Kenya, Desemba 1963, Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, kifo cha Mzee Karume, Aprili 1972, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 na kufunguliwa 1983, Kenya ilipopiga marufuku boriti kwenda nje, 1982, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kwa watu wa Lindi kuna kimbunga cha Aprili 1952. Mzee akikutajia siku kwa miongo ya Nairuzi, yaani siku kumi kumi zinazohesabiwa tangu mwaka mpya wa Waswahili, umepata majira ya mwaka tu. Mwaka wenyewe uutafute kwa tukio.

Uliza pia majina yote ambayo chombo kimewahi kuitwa. Kikiuzwa, jina huweza kubadilishwa, na ukiwa na jina la sasa peke yake utapekua majalada bure.

Kuyaweka pamoja

Chora meza yenye safu tatu: sehemu ya chombo, "si kabla ya", "si baada ya". Kwa mfano:

Mkuku: mbambakofi, kipande kimoja, mita 10.97. Si baada ya 1963, kwa kuwa wazee wawili waliohojiwa mbali mbali walikwenda nacho Mombasa kabla ya Uhuru wa Kenya. Si kabla ya: haijajulikana.

Mataruma 9 hadi 14: jozi tatu za matundu, yamekaa sawa na mkuku. Ya wakati wa mkuku au karibu yake.

Taruma 15 na ubao wa kulia: msumeno wa mnyororo, misumari ya dukani. Fundi asema baada ya El Niño.

Fashini, nusu ya juu: mti mwingine, imeungwa. Si kabla ya mashine ya kwanza.

Usiite chombo cha zamani kwa sababu ya kipande kimoja. Taka sehemu kubwa tatu zinazokubaliana, na mkuku uwe mmojawapo. Mwenye chombo cha kuchukulia watalii atataka uandike miaka 100. Andika ulichokipata, umsomee kwa sauti, na penye ubishi andika kauli yake chini ya jina lake. Acha nakala moja kwake, nyingine ipeleke makumbusho ya karibu.

La mwisho ni la kuwahi. Mbao zinazotolewa kwenye matengenezo haziishii jikoni siku hizi. Maseremala huzinunua kutengeneza meza na fremu za vioo, na zikishapigwa randa zimekwisha kufutika. Elewana na fundi mapema. Kabla ubao haujaondoka, kata kipande cha sentimita 20 chenye jozi moja ya misumari, kikaushe kivulini, kiandike kwa penseli jina la chombo, namba ya taruma, upande na tarehe ya kutolewa, ukifunge kwenye gunia kavu. Usikipake mafuta wala vanishi.